45S5 yenye strontiamu haioti apataiti: kosa liko kwenye fomula au kwenye kuyeyusha?

kioo_na_mfupa (mleta mada)

Wakuu, naombeni macho yenu kwenye hii kitu. Nia ni kutengeneza bayoglasi (kioo kinachoshikana na mfupa) ya aina ya 45S5 ambayo sehemu ya kalsiamu imebadilishwa kwa strontiamu, kisha ipimwe kwenye maji ya kuiga plazima (SBF) kabla ya kupelekwa kwa seli.

Mapishi, kwa asilimia ya uzito: SiO2 45, Na2O 24.5, CaO 14.5, SrO 10, P2O5 6. Yaani 45S5 ya kawaida, zimetolewa gramu 10 za CaO zikaingizwa gramu 10 za SrO.

Malighafi: unga wa quartz safi, Na2CO3, CaCO3, SrCO3 na NH4H2PO4. Chungu cha alumina (Al2O3), 1400 °C kwa saa 2, ikamwagwa kwenye maji, ikakaushwa, ikasagwa kwenye kinu cha mipira ya alumina na kuchekechwa chini ya mikroni 38. Kipimo: mg 75 kwenye ml 50 za SBF, 37 °C, inatikiswa taratibu.

Ninachosubiri ni apataiti, madini kama ya mfupa, iote juu ya chembe. Matokeo: siku ya 1 na ya 3 hakuna kitu. Siku ya 7 XRD (mionzi ya X inayotambua fuwele) inaonyesha kilima dhaifu karibu na 32°, na FTIR (infraredi inayotambua vifungo vya kemikali) bado haijagawanya ule mkanda wa fosfeti kuwa viwili (560 na 600). 45S5 ya kununua, ikipimwa hivyo hivyo, ina apataiti tayari siku ya 3.

Machapisho mengi yanaisifia strontiamu. Je, kiwango cha 10 kimezidi? Au inazuia apataiti na watu hawasemi?

---

Fundi_Mtandao

Mkuu, usiilaumu strontiamu kwanza. Wewe umebadilisha gramu kwa gramu, lakini kioo hakihesabu gramu, kinahesabu moli. Tukokotoe kwa gramu 100 za kioo.

Gramu 10 za CaO ulizotoa ni moli 0.1783 (uzito wa moli 56.08). Gramu 10 za SrO ulizoweka ni moli 0.0965 tu (103.62). Umetoa asilimia 41 ya kalsiamu yote iliyokuwemo, ukarudisha asilimia 54 tu ya idadi uliyoitoa. Nafasi zilizobaki wazi hazikujazwa na kitu. Silika imepanda kutoka 46.1 hadi 48.6 kwa moli bila wewe kugusa mzani wa silika.

Chukulia silika ni wavu wa kuvulia. Kila fundo (Si) lina nyuzi nne, na kila uzi ni oksijeni inayolishika fundo jirani. Sodiamu na kalsiamu zinafanya kazi ya kukata nyuzi: Na2O moja inakata uzi mmoja, CaO moja vivyo hivyo, na ncha mbili zilizokatika zinabaki na chaji hasi ambazo Na+ au Ca2+ inazituliza. Ukikata nyuzi za kutosha, wavu unaacha kuwa wavu, unabaki kamba kamba. Kamba ndizo zinazofumuka haraka ndani ya maji ya mwili. Wavu uliokaza haufumuki.

Wastani wa nyuzi zilizobaki nzima kwa kila fundo ndio muunganiko wa mtandao, niuite M:

M = [4·SiO2 − 2·(jumla ya Na2O, K2O, CaO, SrO, MgO) + 6·P2O5] ÷ SiO2

Zote kwa moli. Hiyo "+6·P2O5" ipo kwa sababu fosforasi ya 45S5 haijafumwa kwenye wavu. Imekaa pembeni kama PO4 yenye chaji tatu hasi, na kila PO4 inajitwalia sodiamu na kalsiamu za kuituliza. P2O5 moja inakupokonya vikata nyuzi vitatu.

Sasa hesabu:

45S5 asilia: M = 2.12
Yako: M = 2.33
S53P4, bayoglasi nyingine (53 SiO2, 23 Na2O, 20 CaO, 4 P2O5 kwa uzito): M = 2.54
13-93, nayo bayoglasi (53 SiO2, 6 Na2O, 12 K2O, 5 MgO, 20 CaO, 4 P2O5): M = 2.59

Umetengeneza kioo kilicho katikati ya 45S5 na S53P4, ukakiita 45S5 yenye strontiamu. Hata kama hicho kioo kingefanya maajabu kwenye seli, usingejua ni Sr iliyofanya au ni M iliyohama.

Kosa hili limeenea sana. Ndiyo sababu mtu mmoja anaandika kwamba Sr inapunguza kasi ya apataiti na mwingine kwamba inaiongeza, na wote wana takwimu. Angalia kwanza jedwali lao la mapishi limeandikwa kwa nini. Likiwa kwa uzito, geuza kwa moli, kokotoa M, ndipo usome hitimisho lao.

---

mzee_wa_glasi

Fundi_Mtandao, mbona M ya 45S5 inaandikwa 1.90 mahali pengi? Nawe umeweka 2.12.

---

Fundi_Mtandao

1.90 inapatikana ukiichukulia fosforasi kuwa imefumwa ndani ya wavu pamoja na silika. Vipimo vya NMR (sumaku inayoonyesha atomu imeshikana na nini) vya fosforasi, 31P, havikubaliani na hilo. Vinaonyesha fosforasi karibu yote ikiwa PO4 pekee, isiyoshikana na Si. Kwa hiyo 2.12. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kwa hesabu ya 1.90, ukiongeza P2O5 bila kuongeza kitu kingine unaona M haina shida. Kwa hesabu sahihi unaona M inapaa, maana fosfeti inanyang'anya wavu vikata nyuzi vyake. Ukitaka kuongeza fosfeti (na inafaa, apataiti inakuja haraka zaidi), kila moli 1 ya P2O5 iende na moli 3 za Na2O na CaO, ndipo M itulie palepale. Ukizidisha sana, kioo kinaanza kujitenga ndani kwa ndani na kutoka na ukungu mweupe. Hapo umefika ukingoni.

---

Bi_Platinamu

Hesabu ya Fundi_Mtandao ni sawa kabisa, lakini haimalizi kesi. S53P4 ina M ya 2.54, silika nyingi kuliko hii, na bado inaota apataiti na inatumika kwa wagonjwa. Kioo cha M 2.33 kingepaswa kuchelewa kidogo, si kulala wiki nzima. Kuna kitu kingine humo ndani, na mimi ninakishuku chungu.

Mleta mada, 45S5 ikiyeyuka ni nyepesi kama uji mwembamba na imejaa soda. Inakula alumina. Chukua hicho chungu, kivunje, utazame ukuta wa ndani pale usawa wa kioo ulipofika. Ukiona mfereji umechimbika kuzunguka, hiyo alumina iliyokosekana iko kwenye kioo chako. Ongeza na ile ya mipira ya kinu.

Na alumina ni sumu ya bayoglasi kwa maana ya kikemia. Inajulikana tangu miaka ya 1970, enzi za Larry Hench kule Chuo Kikuu cha Florida, aliyeanza na 45S5 mwaka 1969: asilimia 3 ya Al2O3 kwa uzito inatosha kuifanya 45S5 ishindwe kabisa kushikana na mfupa. Aluminiamu inaingia kwenye wavu kama fundo jipya lenye nyuzi nne, na kwa kuwa fundo hilo lina upungufu wa chaji, linamkamata Na+ amtulize. Sodiamu iliyokuwa imekata uzi sasa inalinda fundo. Isitoshe, tabaka la jeli ya silika linalojitengeneza juu ya chembe likiwa na Al ndani yake linakuwa gumu kupitika, kalsiamu na fosfeti hazitoki vizuri.

Halafu angalia ulinganisho wako. 45S5 ya kununua huenda imeyeyushwa kwenye platinamu na kusagwa laini zaidi. Umebadilisha strontiamu, M, chungu na ukubwa wa chembe kwa mpigo mmoja. Yeyusha 45S5 asilia mwenyewe, chungu kile kile, kinu kile kile. Nayo ikilala siku saba, umepata mwizi.

Kabla ya yote peleka gramu chache za kioo XRF (mionzi ya X inayopima viwango vya oksidi), ukadai Al2O3 iwe kwenye orodha ya majibu. Maabara nyingi zinapima oksidi unazozitaja tu.

---

kioo_na_mfupa

Shukrani sana. Chungu kina mfereji kweli, unaingia ukucha. XRF naifuatilia.

Maswali mawili. Mapishi sahihi kwa moli yanakuwaje kwa gramu? Na kama platinamu haipatikani, njia ni ipi? Pia kuna mtu amependekeza kutumia magadi ya Magadi, Kenya, badala ya Na2CO3 ya maabara kwa sababu ya bei.

---

Fundi_Mtandao

Mapishi ya msingi yanayotoa gramu 100 za 45S5:

SiO2 45.00 g
Na2CO3 41.90 g
CaCO3 35.27 g
CaHPO4·2H2O 14.55 g

Jumla 136.72 g, na 36.72 g zinaruka kama CO2 na mvuke. Fosforasi nimeitoa kwenye fosfeti ya kalsiamu, si ya amonia, na kalsiamu yake nimeshaipunguza kwenye CaCO3. Ile ya amonia inatokota na kurusha unga, tena gesi yake si rafiki wa platinamu siku ukiipata.

Kubadilisha 10% ya kalsiamu kwa moli: CaCO3 ishuke hadi 30.90 g, ongeza SrCO3 6.45 g. Kioo kitatoka 102.1 g.
Kubadilisha 25%: CaCO3 24.34 g, SrCO3 16.12 g. Kioo 105.2 g.

Usishtuke jumla kuzidi 100. Idadi ya moli haijabadilika, M ni 2.12 kwenye zote. Na ukitaka kufikia kile ulichodhani umefanya, yaani kujaza nafasi zote za zile gramu 10 za CaO, ungehitaji SrO 18.48 g, sio 10.

Sasa mahali ambapo watu wanaharibu hata wakiwa na mapishi haya mkononi: Na2CO3 inanyonya unyevu hewani. Ikiwa na maji 5%, ukipima 41.90 g umeweka kwa kweli 39.8 g. Sodiamu imepungua, M imepanda hadi 2.17, na mizani inasema kila kitu kiko sawa. Ikaushe 200 °C au zaidi usiku kucha, ipoe ndani ya desiketa (chombo kisichoingiza unyevu), pima mara moja. Ila CaHPO4·2H2O usiikaushe hivyo kamwe! Yale maji mawili yamo kwenye hesabu. Ukiyafukuza, fosforasi na kalsiamu zitazidi.

Kuyeyusha: jaza chungu theluthi moja, isizidi nusu. Panda taratibu, simama saa moja hivi 900–950 °C hadi CO2 iishe, vinginevyo povu litamwagika sakafuni mwa tanuru na kula matofali. Kisha 1350–1400 °C, saa moja na nusu. Mwaga kwenye maji, kausha, ponda, yeyusha tena. Mara ya pili ndiyo inayosawazisha. Mara moja tu inaacha michirizi ya silika isiyoyeyuka vizuri, na sampuli mbili za chungu kimoja zinatoa majibu mawili. Na kioo kisilale ndani ya maji: kiopoe, kisuuze kwa ethanoli, kikauke 110 °C. Kikikaa usiku mzima kwenye ndoo, uso wake umeshaanza kufanya kile unachotaka kukipima.

---

Bi_Platinamu

Kuhusu platinamu. Cha kwanza, omba kuazima muda kwenye maabara yoyote inayofanya XRF kwa shanga za kioo. Wanavyo vyungu vya platinamu na dhahabu au platinamu na rodiamu. Ukiazimishwa, uvitunze: platinamu inaogopa fosforasi ikikosa hewa. Unga usiwe na kaboni, karatasi, mafuta wala chuma, na tanuru liwe na hewa ya kutosha, la sivyo unaunda fosfidi ya platinamu na chungu kinapasuka kama biskuti. Utalipa wewe.

Cha pili, acha kuyeyusha kabisa, nenda njia ya soli-jeli, yaani kioo kinachotokana na jeli ya kemikali za majimaji. Fomula inayoitwa 58S ni SiO2 60, CaO 36, P2O5 4 kwa moli. Haina sodiamu. TEOS (kimiminika kinachotoa silika) ndani ya maji yenye asidi ya nitriki kidogo, koroga hadi iwe angavu, ongeza trietili fosfeti, mwisho nitreti ya kalsiamu (na ya strontiamu, kwa moli). Jeli izeeke 60 °C siku tatu, ikauke polepole hadi 130 °C, kisha iunguzwe 600–700 °C ili nitreti iondoke yote. Usiharakishe kukausha, itavunjika vipande. Na usiunguze chini ya hapo kwa kuogopa: kalsiamu haiingii kwenye wavu mpaka nitreti ivunjike. Ikibaki juu juu inatoka yote dakika za kwanza, pH inaruka, seli zinakufa, nawe unaandika kwamba kioo kina sumu.

Hapo utaona jambo moja linalochanganya watu. Kwa kuyeyusha, kioo chenye silika zaidi ya 60% ya moli hakishikani na mfupa. Kwa soli-jeli unaweza kupanda mpaka karibu 90% na bado kikaota apataiti. Sababu ni vitundu vya nanomita vilivyojaa humo, pamoja na hidrojeni iliyobaki kwenye wavu, nayo inakata nyuzi kama sodiamu. Eneo la uso linapita mita za mraba 100 kwa gramu. Unga wa kuyeyushwa haufiki hata 1 usipousaga sana. Kwa hiyo ile fomula ya M usiitumie kwa soli-jeli ukadhani inakuambia kitu.

Magadi: hapana. Ile ni trona, ina floraidi, chumvi na mengineyo, na kiasi chake hakifanani gunia hadi gunia. Floraidi yenyewe si adui, kuna vioo vinavyowekewa CaF2 makusudi kwa ajili ya meno ili vitoe floroapataiti inayostahimili asidi. Ila huko inapimwa kwenye mizani. Haiji tu na gunia. Kwa chupa za soda magadi ni sawa, kwa kitu cha kuingia mwilini hapana.

---

Nyota_SBF

Naongezea upande wa kipimo, maana hata kioo kizuri kinaweza kuonekana kibovu.

mg 75 kwa ml 50 ni sawa, ndiyo mg 1.5 kwa ml iliyopendekezwa kwa unga na kamati ya TC04 ya International Commission on Glass mwaka 2015. Usiongeze unga ili kuharakisha. Unga ukiwa mwingi kalsiamu inafurika na unapata kalsaiti badala ya apataiti. Kilele chake kiko 29.4° na watu wanakishangilia bila kusoma namba. Apataiti inakaa 25.9° na karibu 32°.

"Chini ya mikroni 38" ni dari tu, haisemi sakafu. Unga mmoja unaweza kuwa na wastani wa mikroni 25, mwingine 5, na wote wamepita chekecheo lile lile. Pima mgawanyo kwa leza, au BET (kipimo cha eneo la uso), kabla ya kulinganisha na unga wa mtu mwingine. Ukikosa vyote viwili, chekecha kwa vyekecheo viwili uchukue kilichobaki katikati.

SBF yenyewe: pH 7.40 ikiwa 36.5 °C, sio ikiwa ya baridi. Pika na kuhifadhi kwenye plastiki isiyo na mikwaruzo, kwani kwenye mikwaruzo ya kioo apataiti inaota yenyewe. Weka chumvi moja baada ya nyingine, ya kwanza iyeyuke yote kabla ya ya pili. Ukiona ukungu hata kidogo, mwaga, usichuje. Friji 5–10 °C, mwisho siku 30. Ukitoa sampuli, chuja, suuza kwa maji kisha asetoni ili kazi isimame pale pale.

Strontiamu ina mtego wake kwenye XRD. Ioni yake ni kubwa kuliko ya kalsiamu, ikiingia kwenye apataiti vilele vinasogea kuelekea pembe ndogo na kutanuka. Kilima kinaonekana kidogo kuliko apataiti iliyopo kweli. Kwa vioo vya Sr mimi naiamini FTIR kwanza: ule mkanda ukigawanyika kuwa 560 na 600, apataiti ipo. Wako haujagawanyika, kwa hiyo hapa XRD haijakudanganya.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, ambacho hujakitaja: pH. Soma saa ya 1, 4, 8, 24. Hatua ya kwanza ya kazi nzima ni Na+ ya kioo kubadilishana na H+ ya maji, kwa hiyo pH ya 45S5 nzima inapanda mapema. Baada ya hapo ndipo silika inafumuka, inajikusanya tena kuwa jeli juu ya chembe, kalsiamu na fosfeti zinatua juu yake zikiwa hazina umbo, mwisho zinapanga fuwele na kuchukua kabonati. Mstari wa pH ukilala tangu saa ya kwanza, usihangaike na hatua za mbele. Kioo hakijaanza hata ya kwanza, na hiyo ndiyo sura ya alumina.

---

daktari_wa_seli

Kabla hujafika kwangu na huo unga: uutulize kwanza. Unga mbichi wa 45S5 ukiingia kwenye sahani ya seli unapandisha pH saa za mwanzo na seli zinanyauka kabla Sr haijapata nafasi ya kufanya lolote. Loweka kwenye chakula cha seli saa 24, 37 °C, chuja kwa mikroni 0.2, tumia maji yaliyochujwa. Gawa mawili: moja libaki na pH yake, jingine lirudishwe 7.4. Tofauti kati ya hayo mawili ni kazi ya pH, kinachobaki ni kazi ya ioni.

Pima Si, Ca, P, Na na Sr kwa ICP (mashine ya kupima kiasi cha kila elementi majini) kwenye maji yale yale utakayowapa seli. P itashuka kwa sababu inatua kama fosfeti ya kalsiamu, usidhani mashine imekosea. Kazi za Imperial College London mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba seli za mfupa zinaitika kwa ioni zilizoyeyuka, hata kioo chenyewe kisipokuwepo, na kiasi kina maana: kidogo hakifanyi kitu, kingi kinaua. Kwa hiyo "nimeweka Sr 25%" hainiambii chochote. Niambie mg ngapi kwa lita seli zimeonja.

Ni hapo hesabu ya Fundi_Mtandao inapofika mpaka kwenye seli. M ikihama, Si na Ca zinazotoka zinahama nazo. Ukija na vioo vitatu vyenye M 2.12 vinavyotofautiana Sr tu, nina jambo la kupima. Ukija na vile vya uzito kwa uzito, nitapima uyeyukaji wa silika na kuuita strontiamu.

Na pH hiyo hiyo inayotusumbua sahanini ina matumizi yake. S53P4, iliyotengenezwa Turku, Finland, inajazwa kwenye mashimo ya mfupa uliooza kwa usaha wa muda mrefu, na inabana bakteria kwa kupandisha pH na mkandamizo wa chumvi pale pale. Mwilini damu inapita na kuosha, sahanini hakuna wa kuosha. Kwa sababu hiyo pia vioo vya boroni kama 13-93B3, ambavyo vinageuka apataiti haraka sana, vinaua seli kwenye sahani iliyotulia na kuonekana salama pale maji yanapobadilishwa. Uliza kwanza maji yalikuwa yanatembea au yamesimama.

---

kioo_na_mfupa

XRF imerudi: Al2O3 2.6%. Nahamia 58S kwa sasa, na nimepata ahadi ya chungu cha platinamu baadaye. Moja la mwisho: kioo hiki kinatakiwa hatimaye kiwe sponji ngumu yenye vitundu, sio unga. Nibaki na M 2.12?

---

mzee_wa_glasi

Kwa sponji ya kuchoma, 2.12 itakutesa. 45S5 inaanza kulainika karibu na 550 °C, na kabla chembe hazijashikana vizuri inaanza kutoa fuwele za silikati ya sodiamu na kalsiamu. Fuwele zikishatokea kioo hakitiririki tena, chembe zinabaki zimegusana tu. Utalazimika kupanda 1000–1100 °C ili ishikane, ikiwa imeshakuwa fuwele nusu. Apataiti bado inaota, ila polepole, na sponji yake ya vitundu 90% inabeba MPa 0.3–0.4 tu. Unaivunja kwa vidole.

13-93 iliundwa kwa shida hiyo hiyo. Sodiamu imepunguzwa, zimeingia potasiamu na magnesiamu, na wingi wa aina za ioni unazifanya zishindwe kujipanga kuwa fuwele mapema. Inachomwa karibu 700 °C kwa saa moja, inashikana ikiwa kioo bado, na sponji ya vitundu 85% imefikia MPa 11 kwa mgandamizo. Gharama yake umeiona juu: M 2.59, apataiti inachelewa.

Strontiamu ukiiweka kwa moli inasaidia kidogo upande huu, inalegeza wavu na kushusha halijoto ya kulainika. Lakini usitegemee ikuondolee fuwele kwenye fomula ya 45S5. Anza na 13-93, badilisha CaO yake 10% kwa moli, fanya DTA (kipimo kinachoonyesha halijoto ya kulainika na ya kutoa fuwele) ya unga ule ule utakaouchoma (unga laini unatoa fuwele mapema kuliko kipande), na uchome katikati ya kulainika na kilele cha fuwele. Nafasi hiyo ikiwa chini ya nyuzi 100, rudi kwenye fomula kabla hujapoteza sponji.

---

Bi_Platinamu

2.6% inaeleza kila kitu. Na hicho kinu cha alumina kiache pia, saga kwa zirkonia, au kwa akiki kama unga ni kidogo. Ukihamia platinamu ukaendelea kusaga kwa alumina, utarudi hapa na swali lile lile.